Kwa nini India haina lugha ya taifa

Kiswahili kina neno Kihindi, na neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Mteja anayesubiri chenji katika duka la vitambaa la Dar es Salaam au Mombasa huwasikia wenye duka wakisemezana, akajiambia kwamba wanazungumza Kihindi, ilhali mara nyingi kinachozungumzwa ni Kigujarati, au Kikutchi ambacho wanaisimu hukiweka karibu na Kisindhi, na kama wenyewe ni Masingasinga basi huenda ni Kipunjabi. Kosa hilo linatokana kwa sehemu na sarufi yetu. Tumezoea kwamba Mhaya husema Kihaya na Mgiriama husema Kigiriama, kwa hiyo sikio likishasikia Mhindi, ulimi humalizia wenyewe kwamba lugha yake ni Kihindi. Lakini Mhindi kwa Kiswahili ni mtu yeyote mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mhindu, Singasinga au Mkristo wa Goa, wakati Kihindi ni lugha moja, ya kaskazini, miongoni mwa lugha nyingi za nchi ile. Mtu wa Chennai, mji wa kusini mwa India, akiambiwa na mwenyeji wake wa Nairobi kwamba bila shaka anajua Kihindi, atatabasamu kwa adabu. Akiambiwa hivyo na afisa wa serikali aliyetoka Delhi, habari inakuwa nyingine kabisa, na makala hii inahusu hiyo habari nyingine.

Tuanze na sheria. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, haitaji popote lugha ya taifa. Ibara ya 343 inasema kwamba lugha rasmi ya Muungano, yaani ya serikali kuu, ni Kihindi kinachoandikwa kwa hati ya Devanagari. Msomaji wa Afrika Mashariki na Kati hana haja ya kufafanuliwa sana tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili, kwa sababu katiba za huku zinaitumia. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha inakitaja tena pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Katiba ya Kongo ya 2006 inakipa Kifaransa urasmi na kuziita Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba lugha za taifa. Lugha rasmi ni chombo cha ofisini, ambacho serikali hukitumia kuandika barua, sheria na hesabu zake. Lugha ya taifa ni dai zito zaidi, kwamba lugha hii ndiyo sisi. Waandishi wa katiba ya India walikubali kusema la kwanza, tena kwa masharti, na wakalikwepa la pili kwa makusudi.

Hata hivyo, mamilioni ya Wahindi wanaamini kwamba lugha ya taifa ipo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Gujarat iliamua ombi la kutaka bidhaa zote zilazimike kuandikwa bei na tarehe kwa Kihindi, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo lugha ya taifa. Majaji walikiri kwamba watu wengi wamekichukulia Kihindi hivyo, lakini wakasema hakuna kumbukumbu yoyote mbele yao inayoonyesha kwamba kiliwahi kutangazwa kuwa lugha ya taifa, na ombi likatupwa.

Ukishalijua hilo, unaanza kuona alama zake kila mahali. Noti ya rupia ina maandishi ya lugha 17: Kihindi na Kiingereza upande wa mbele, na nyuma kuna orodha ndogo ya lugha 15 zinazotaja thamani ya noti hiyo, kuanzia Kiassam hadi Kiurdu, nyingi zikiwa na hati zake zenyewe. Wimbo wa taifa, ambao watoto wa shule husimama kuuimba, uliandikwa na Rabindranath Tagore kwa Kibengali kilichosheheni maneno ya Kisanskriti. Katiba yenyewe iliandikwa na kujadiliwa hasa kwa Kiingereza, na haikuwa na maandishi ya Kihindi yenye nguvu ya kisheria mpaka ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1987. Mashauri ya Mahakama ya Juu kule Delhi huendeshwa kwa Kiingereza hadi leo. Ajabu ni kwamba Kiingereza hicho hakimo katika Jedwali la Nane la katiba, ambalo ndilo daftari la lugha zinazotambuliwa. Lilianza na lugha 14 na sasa zimefika 22.

Kabla ya kuuliza kwa nini Kihindi hakikupewa cheo hicho, inafaa kuuliza Kihindi chenyewe ni nini, maana hapo ndipo mafundo yalipo mengi. Sensa ya 2011, ambayo ndiyo ya mwisho kuwa na matokeo kwa kuwa ile ya 2021 iliahirishwa, iliwapa Kihindi watu milioni 528, sawa na asilimia 43.63 ya wananchi wote. Tarakimu hiyo hunukuliwa sana na wanaotaka Kihindi kipandishwe. Lakini ukifungua majedwali ya ndani unakuta kwamba Kihindi cha sensa ni mwavuli. Waliojibu kwamba lugha yao ya kwanza ni Kihindi walikuwa takriban milioni 322. Waliobaki walitaja majina mengine, na maofisa wa sensa wakawaweka chini ya Kihindi: wasemaji wa Kibhojpuri wapatao milioni 50, wa Kirajasthani milioni 25, wa Kichhattisgarhi milioni 16, na makundi mengine mengi. Kwa ujumla wananchi walitaja majina zaidi ya 19,000 ya lugha zao. Maofisa wakayachuja, wakayaunganisha, wakabaki na lugha za kwanza 1,369, kisha wakazikusanya tena katika lugha kubwa 121, zile zenye wasemaji kuanzia 10,000.

Je, Kibhojpuri ni lahaja ya Kihindi au ni lugha? Swali hilo tunalijua sisi kwa sura nyingine. Kiswahili sanifu kilijengwa kuanzia miaka ya 1930 juu ya Kiunguja, ingawa tenzi na mashairi yaliyokipa Kiswahili heshima yake ya kale yalikuwa ya Kiamu na Kimvita, na malalamiko ya washairi wa kaskazini mwa pwani hayajaisha hadi leo. Kihindi kina kisa kinachofanana na hicho kwa namna ya kustaajabisha. Kihindi sanifu kimejengwa juu ya Khari Boli, usemi wa Delhi na vitongoji vyake, wakati washairi wakubwa wa karne ya 16 walitunga kwa usemi mwingine: Tulsidas kwa Kiawadhi, Surdas kwa Kibraj. Leo watunzi hao wamo katika vitabu vya historia ya fasihi ya Kihindi, na lugha walizotungia zimehesabiwa kuwa lahaja za lugha ambayo wao wenyewe hawakuiandika.

Kuna fundo la pili. Khari Boli hiyohiyo, ikiandikwa kwa hati ya Kiajemi na kukopa maneno mazito kutoka Kiajemi na Kiarabu, huitwa Kiurdu. Katika mazungumzo ya sokoni Mhindu wa Delhi na Mwislamu wa Lahore wanaelewana bila mkalimani, na kwa sababu hiyo Gandhi alipendekeza lugha ya pamoja iliyoitwa Kihindustani, ambayo mtu angeweza kuiandika kwa hati yoyote kati ya hizo mbili. Ndicho pia, kwa kiasi kikubwa, Kihindi cha filamu. Mtazamaji wa Zanzibar au Lamu aliyekuwa akienda sinema miaka ya zamani alisikia duniya, kitab, khabar, dawa na hisab, akahisi kwamba lugha ile si ngeni kabisa. Na hakukosea, kwa kuwa maneno hayo yalitoka Kiarabuni yakafika kwao na kwetu kwa njia tofauti. Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947 na Pakistan kukichukua Kiurdu, wazo la Kihindustani lilikufa. Ibara ya 351 ya katiba ya India ikaelekeza kwamba Kihindi kitajirishwe kwanza kabisa kutoka Kisanskriti, na ndiyo maana Kihindi cha nyaraka za serikali husema pustak pale ambapo Kihindi cha filamu kingesema kitab.

Mabishano katika Bunge Maalumu la Katiba yalianza mapema na yalikuwa makali. Mnamo Desemba 1946, bunge hilo likiwa na siku mbili tu tangu kufunguliwa, mjumbe R. V. Dhulekar alisimama na kutamka kwamba wasiojua Kihindustani hawana haki ya kukaa India. Wajumbe wa kusini hawakulisahau neno lile. Miaka miwili baadaye T. T. Krishnamachari, mjumbe kutoka Madras, aliwaonya wenzake wa kaskazini kwamba ni juu yao kuchagua kati ya India nzima na India ya Kihindi. Mapatano yaliyofikiwa tarehe 14 Septemba 1949 yana harufu yote ya watu waliochoka: Kihindi kitakuwa lugha rasmi, ila Kiingereza kitaendelea kutumika kwa miaka 15, na baada ya hapo bunge litaamua. Hata tarakimu zilibishaniwa. Watu wa kaskazini walitaka zile za Devanagari, watu wa kusini walitaka 1, 2, 3 za kawaida, na suluhu iliyoandikwa katika ibara ya 343 ni kwamba serikali itatumia umbo la kimataifa la tarakimu za India. Maneno hayo ni ya kweli kabisa, kwa sababu tarakimu hizo zilizaliwa India, zikabebwa na Waarabu hadi Ulaya, na zikarudi nyumbani zikiwa zimevaa kigeni.

Wakati serikali kuu ikiahirisha swali lake, swali jingine lililipuka mikoani. Chama cha Congress kilikuwa kimejipanga kwa kufuata mipaka ya lugha tangu mwaka 1920 na kuahidi kwamba India huru itafanya vivyo hivyo, lakini uhuru ulipokuja pamoja na damu ya mgawanyiko, Nehru, waziri mkuu wa kwanza, na wenzake waliogopa kwamba kuchora majimbo kwa lugha kutaipasua nchi vipande zaidi. Tarehe 19 Oktoba 1952 Potti Sriramulu, mfuasi wa Gandhi, alianza kufunga akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu, ambao wakati huo walikuwa ndani ya jimbo la Madras pamoja na Watamil. Delhi ilidhani atalegea. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 16 Desemba, miji ya Watelugu ikawaka kwa ghasia, na siku chache baadaye Nehru akatangaza kwamba jimbo la Andhra litaundwa. Lilizaliwa tarehe 1 Oktoba 1953.

Baada ya hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Tume iliyoongozwa na jaji Fazl Ali ilizunguka nchi nzima, na tarehe 1 Novemba 1956 ramani ilichorwa upya kuwa majimbo 14, mengi yakiwa na lugha moja kubwa: Kerala kwa Kimalayalam, Mysore kwa Kikannada, na kadhalika. Bombay ilibaki ya Wamarathi na Wagujarati kwa pamoja hadi mwaka 1960, baada ya maandamano ambayo watu zaidi ya 100 waliuawa. Punjab iligawanywa mwaka 1966. Mashaka ya Nehru hayakutimia. Inaelekea mtu aliyehakikishiwa kwamba shule, mahakama za wilaya na magazeti yake yatakuwa kwa lugha yake hakuona tena sababu ya kutaka nchi yake mwenyewe, na kwa maoni yangu uamuzi huo, ambao wakubwa waliutoa kwa kulazimishwa, ndio ulioinusuru India kuliko mwingine wowote wa miaka ile. Nieleze tu kwamba lugha haikuwa gundi ya kudumu. Mwaka 2014 Watelugu walewale waligawanyika, Telangana ikatoka Andhra Pradesh, kwa sababu za maji, ajira na historia tofauti za utawala, ingawa pande zote mbili zinazungumza Kitelugu.

Sasa turudi Madras, kwa kuwa saa ya miaka 15 ilikuwa ikihesabu. Upinzani wa Watamil dhidi ya Kihindi ni mkongwe kuliko uhuru. Mwaka 1937 C. Rajagopalachari, mkuu wa serikali ya Madras, alitangaza kwamba Kihindi kitafundishwa kwa lazima katika shule za sekondari. Maandamano yakadumu karibu miaka mitatu, zaidi ya watu 1,000 wakatiwa mbaroni, wawili wakafia gerezani, na amri ikafutwa Februari 1940. Rajagopalachari huyohuyo, katika uzee wake, aligeuka kuwa mtetezi wa Kiingereza dhidi ya Kihindi, jambo linaloonyesha jinsi hoja hii ilivyokuwa ngumu hata kwa waliokuwa na nia njema.

Nehru alijua hatari iliyopo, na akaahidi bungeni kwamba Kiingereza kitaendelea kwa kadiri wasiosema Kihindi watakavyotaka. Lakini sheria iliyopitishwa mwaka 1963 ilisema kwamba Kiingereza kinaweza kuendelea kutumika, haikusema kwamba kitaendelea, na Watamil wakaona kwamba ahadi kubwa kama ile imening'inizwa kwenye kitenzi kimoja dhaifu. Nehru aliwaambia kwamba katika sheria ile maana ni moja. Alifariki Mei 1964. Mapema mwaka huohuo, tarehe 25 Januari, kijana aliyeitwa Chinnasamy alikuwa amejimwagia mafuta na kujichoma moto mjini Tiruchirappalli, akipaza sauti kwa ajili ya Kitamil na dhidi ya Kihindi.

Tarehe 26 Januari 1965, siku ambayo Kihindi kingekuwa lugha rasmi kamili, DMK, chama cha Watamil, kiliitangaza kuwa siku ya maombolezo na bendera nyeusi zikapandishwa. Wanafunzi walikuwa wameshaingia barabarani. Kwa wiki kadhaa treni zilichomwa, vibao vya Kihindi vikapakwa lami, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi wakajichoma moto. Takwimu rasmi zilitaja vifo vipatavyo 70. Makadirio mengine ni makubwa zaidi. Mawaziri wawili wa serikali kuu waliotoka Madras waliwasilisha barua za kujiuzulu, na waziri mkuu Lal Bahadur Shastri, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Kihindi, alilazimika kuzungumza redioni na kuahidi kwamba neno la Nehru litaheshimiwa. Miaka miwili baadaye Congress ilishindwa uchaguzi wa Madras, DMK chini ya C. N. Annadurai ikashika serikali, na tangu hapo vyama vya Kitamil havijaliachia jimbo hilo, ambalo mwaka 1969 lilibadilishwa jina likawa Tamil Nadu.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 1967 ina kifungu ambacho ningependa kukisifu kwa ujanja wake. Inasema kwamba matumizi ya Kiingereza hayatakoma mpaka mabunge ya majimbo yote yasiyotumia Kihindi yapitishe maazimio ya kukikomesha, na kisha bunge la taifa nalo liamue hivyo. Majimbo yote, bila kubakiza hata moja. Maana yake ni kwamba Nagaland, jimbo la milimani lenye watu wasiofika milioni mbili kwa sensa ya 2011, ambalo lugha yake rasmi ni Kiingereza, linaweza peke yake kuizuia nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Uahirisho wa miaka 15 ukageuzwa kuwa uahirisho usio na mwisho, na uahirisho huo ndio mfumo unaotumika hadi sasa.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kwa nini kilichowezekana Tanzania hakikuwezekana India. Jibu la haraka ni kwamba India ni kubwa mno, nalo halitoshi. Tofauti iliyo ya msingi ni nani alikuwa mwenye lugha. Wakati wa uhuru wa Tanganyika, waliokuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza walikuwa wachache, wakazi wa pwani na miji michache. Msukuma, Mchaga na Mnyakyusa walikutana ndani yake kila mmoja akiwa amejifunza, na hakuna kabila kubwa lililoweza kujisifu kwamba limeshinda. Uganda, ambako Kiswahili kiliogopwa na Baganda kuwa tishio kwa Kiganda, ilikwama palepale ilipokwama India. Kihindi kilikuwa na wenyewe, tena wengi na wenye madaraka. Kijana wa Lucknow angefanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali kwa lugha aliyonyonya, wakati kijana wa Madurai angeufanya kwa lugha aliyojifunza darasani, yenye hati nyingine na ya jamii nyingine kabisa ya lugha, kwa sababu Kitamil ni cha familia ya Kidravidi, ambayo haina undugu na Kihindi. Ukilitazama hivyo, unaelewa kwamba ghasia za 1965 zilihusu ajira kama zilivyohusu mapenzi ya lugha, na hakuna ubaya katika hilo.

Majirani wanatoa ushahidi wa upande wa pili. Pakistan ilipoamua kwamba Kiurdu peke yake kitakuwa lugha ya taifa, wakati zaidi ya nusu ya raia wake walikuwa Wabengali na wenye Kiurdu kama lugha ya kwanza hawakufika asilimia 10, polisi waliishia kuwapiga risasi wanafunzi mjini Dhaka tarehe 21 Februari 1952, na mwaka 1971 upande wa mashariki ukajitenga na kuwa Bangladesh. Tarehe hiyo ya Februari ndiyo iliyokuja kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Sri Lanka ilipitisha sheria ya Kisinhala pekee mwaka 1956, na mbegu ile ilikuwa miongoni mwa zilizoota vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Nafasi ya lugha isiyo na mwenyewe ilichukuliwa India na Kiingereza, na hili nalo lina utata wake. Mwaka 2011 waliosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza hawakufika laki mbili na sitini elfu (na neno lenyewe, laki, tumelitoa kwao), kwa hiyo hakuna jimbo wala dini inayoweza kujidai kwamba ni chake. Lakini tofauti na Kiswahili, ambacho mtu hukiokota stendi na sokoni bila kulipa ada, Kiingereza hununuliwa shuleni, na wasiojiweza hubaki nje ya mlango. Wapo walioligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Mwaka 2010 wanaharakati wa Kidaliti, yaani wa jamii zilizokuwa zikihesabiwa najisi katika mfumo wa matabaka, walianza kujenga hekalu la mungu wa kike wa Kiingereza katika kijiji cha Banka, Uttar Pradesh. Hoja yao ilikuwa kwamba lugha za nyumbani zimebeba karne za dharau dhidi yao, wakati Kiingereza hakina kumbukumbu hiyo. Kwa mtu aliyefunzwa kwamba lugha ya mkoloni ni kongwa, wazo hilo linataka muda kidogo wa kulitafakari.

Katika maisha ya kila siku mfumo huu unafanya kazi kwa viraka. Sera ya elimu ya 1968 ilitaka kila mtoto ajifunze lugha tatu: ya jimbo lake, Kiingereza, na Kihindi kwa wasio wa Kihindi au lugha nyingine ya India kwa walio wa Kihindi. Tamil Nadu ilikataa tangu siku ya kwanza na hufundisha mbili tu. Kaskazini walikubali kwa maneno, kisha shule nyingi zikachagua Kisanskriti kuwa lugha ya tatu, lugha ambayo watu wasiofika 25,000 waliitaja katika sensa kuwa yao ya kwanza, na hivyo mtoto wa Uttar Pradesh akaepuka kujifunza hata neno moja la Kitamil au Kibengali. Ukitafuta ni nani aliyekieneza Kihindi kuliko wizara yoyote, utaambiwa ni filamu, ambazo kwa kichekesho cha historia hutengenezwa Mumbai, mji mkuu wa jimbo la Kimarathi.

Wakati huohuo foleni ya kuingia Jedwali la Nane ni ndefu, kwa kuwa lugha iliyomo humo inaweza kutumika katika mitihani ya utumishi wa umma na kupata fedha za kuiendeleza. Kisindhi kiliingia mwaka 1967 bila kuwa na jimbo, kwa sababu Sindh yenyewe ilibaki Pakistan. Kisantali, lugha ya Waadivasi, yaani watu wa makabila ya asili, ambayo Raghunath Murmu aliibunia hati yake katika miaka ya 1920, kiliingia kwa marekebisho ya 2003, pamoja na Kimaithili, ambacho kabla ya hapo kilihesabiwa na wengi kuwa Kihindi. Kibhojpuri, chenye wasemaji zaidi ya mara tatu ya Kimaithili, bado kinasubiri nje.

Ugomvi nao haujazeeka. Sehemu ya Kihindi katika sensa ilipanda kutoka asilimia 36.99 mwaka 1971 hadi 43.63 mwaka 2011, na ya Kitamil ikashuka kutoka 6.88 hadi 5.70, kwa sababu familia za kusini zilipunguza uzazi mapema kuliko za kaskazini. Mgawanyo wa viti vya bunge kati ya majimbo umeendelea kufuata hesabu ya watu ya 1971, na kusini wanaogopa siku utakapohuishwa. Machi 2025, katikati ya mvutano na Delhi kuhusu fedha za elimu na lugha ya tatu, serikali ya Tamil Nadu iliiondoa alama ya rupia kwenye nembo ya bajeti yake na kuweka herufi ya Kitamil, ingawa alama ile, iliyopitishwa mwaka 2010, ilibuniwa na Mtamil. Miezi mitatu baadaye serikali ya Maharashtra, inayoongozwa na chama kilekile kinachotawala Delhi, ilifuta amri yake ya kuingiza Kihindi kuanzia darasa la kwanza baada ya Wamarathi kuja juu.

Sensa inayofuata imepangwa kufanyika mwaka 2027. Karani atabisha hodi katika nyumba moja ya Bihar, atauliza lugha ya kwanza ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba huenda akajibu Kibhojpuri. Jibu litaandikwa kama lilivyotolewa. Litakapotoka katika kitabu cha matokeo, endapo utaratibu utabaki ule wa 2011, litakuwa limejumlishwa chini ya Kihindi.